Leso Sita: Mhadhara Kuhusu Shuka la Viraka Katika Pwani ya Kusini

(Mhadhara uliotolewa mjini Lindi mbele ya walimu, mafundi cherehani, wanafunzi wa ufundi na wananchi. Umechapwa kama ulivyosemwa, isipokuwa sehemu ya maswali.)

 

Nimeombwa nizungumzie ushonaji wa viraka, na nimekubali kwa moyo mweupe kwa sababu ni jambo ninalolipenda na ninaloona tunalipoteza. Nina neno moja tu la kutetea. Mabaki ya vitambaa yanayofagiliwa kila jioni kwenye vibanda vya mafundi wetu ni mali, na sisi watu wa pwani tunao mpangilio wetu wenyewe wa kuyaunganisha yawe shuka la heshima. Mpangilio huo ni wa leso sita, tatu juu na tatu chini. Nitaonyesha ulikotoka, nitaeleza kwa nini wengi wetu tunauonea haya, kisha tuingie kwenye kazi yenyewe ya mkasi na sindano. Kuna mfuko unaopita mstari kwa mstari; ndani yake mna vipande sita kwa kila watu wawili. Msivitupe, tutavihitaji.

Hoja ya kwanza: kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuunganisha vipande.

Katikati ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso zilizochapwa, zilizofika madukani zikiwa bado ni jora zima. Kazi ya muuzaji ilikuwa kukata leso moja moja kwa anayetaka. Wanawake wakaona mbali zaidi. Wakadai wakatiwe leso sita kwa mpigo, wakazigawa mapande mawili ya leso tatu tatu, wakayaunga kwa mshono mmoja mrefu. Ikapatikana nguo ya kujifunga, tatu kwa upana na mbili kwa kwenda chini. Wengine hawakuridhika na leso za aina moja. Walichukua za maua, za madoa na za mistari, wakaziunga pamoja, na kila mmoja akatoka na nguo isiyofanana na ya mwenzake. Wenye maduka walipoliona soko hilo, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa kipimo kile kile, na mshono wa katikati ukatoweka.

Dada uliyekaa mstari wa mbele, tafadhali simama uikunjue hiyo kanga yako watu waione. Ahsante sana. Kanga ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Gawanya urefu kwa tatu na upana kwa mbili: unapata vipande sita vya takriban sentimita 50 kwa 55. Kiwandani kanga imekuwa nguo moja, yenye mji wake, pindo zake na jina lake, lakini vipimo vyake bado vinakaa sawasawa na leso sita. Majina yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi tunazotumia leo. Wenye viwanda waliiga. Waliobuni ni wanawake wenye sindano, na mimi nataka jambo hili lifundishwe darasani kabla mtoto hajafundishwa kushika mkasi.

Hoja ya pili: huku kwetu kusini, kukipa kitambaa uhai wa pili ni kazi ya kale sana, na haya tunayoionea kazi hiyo ina chanzo chake.

Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alipata vigae vya vyungu vilivyosuguliwa vikawa duara na kutobolewa katikati. Hivyo vilikuwa vizito vya kusokotea uzi. Tutafakari hapo kidogo: chungu kimevunjika, mtu hakukitupa, amechukua kigae, akakisugua kwenye jiwe, akakitoboa, akasokotea uzi wa pamba. Kilwa ya majumba ya mawe, ile aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, ilivaa pamba iliyosokotwa kwa vyungu vilivyovunjika.

Mfano mwingine unatoka Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa chini ya masultani wa Kilwa. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe kwa pamba yao, lakini hawakuwa na rangi za kuitia. Wakachukua nguo za buluu na za rangi nyingine kutoka Cambay huko Gujarat, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Anayefumua nguo nzima ili apate rangi ya kutia kwenye nguo yake amekwenda mbali kuliko sisi tunaounga vipande. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba kazi ya mabaki tumeletewa na wageni.

Basi haya hii imetoka wapi? Naomba tuizungumze bila kuificha, maana akina mama wengi nimewasikia wakisema kwamba kulala kwenye viraka ni kujitangazia ufukara. Karne ya 19 ndiyo iliyoileta haya hiyo. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts, zikamwaga pwani hii kitambaa cheupe kigumu tulichokiita merikani. Pamba yake ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani, ikivunwa na watumwa. Kitambaa hicho kilifika Kilwa Kivinje, kikapanda na misafara kuelekea Ziwa Nyasa, na misafara hiyo ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kivinje ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za biashara ya watumwa upande wa kusini, hadi mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Merikani na kaniki ndizo nguo walizovishwa watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, jambo la kwanza ambalo wengi walilitaka lilikuwa nguo nzima, mpya, ya rangi, iliyonunuliwa kwa jasho lao wenyewe.

Pamba nayo iliacha kidonda chake. Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na vita ya Maji Maji ikaanza kwenye vilima hivyo vya Kilwa. Bibi zetu walikuwa na sababu ya kutaka kitambaa kizima, na mimi siwalaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hali ile imepita. Leo anayeshona viraka anachagua mwenyewe vipande, rangi na mpangilio, na uchaguzi huo ni uungwana.

Hoja ya tatu ni ya mikono. Naomba mfungue vile vipande.

Mwanzo wa kazi ni kuchagua. Shuka la viraka linataka pamba kwa pamba: kitenge, kanga, popelini, na khaki nyepesi ya sare za shule. Kwa fundi asiye na uhakika, chomoa uzi mmoja uuwashe. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu. Ukichanganya viwili hivyo, siku ya kwanza ya pasi ya mkaa mraba mmoja utajikunja na mwingine utabaki pale pale, na shuka lote litapinda. Fua vipande vyote kabla ya kukata. Kanga mpya hupungua, tena nyekundu na nyeusi huchuja. Bonyeza kipande kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe kwa pasi, na kama kimeacha alama, kifue tena mpaka kiache.

Pili, tenga mafungu matatu: vitambaa vya giza, vya kati na vya mwanga. Hapa wanafunzi wengi huhangaika, kwa sababu kitenge kimoja kina rangi tano. Dawa yake ni hii. Kitundike ukutani, rudi nyuma hatua kama kumi, finya macho. Kinachobaki kuonekana cheusi kiende kwenye giza, kinachong'aa kiende kwenye mwanga, na unachobishana nacho ni cha kati. Usiangalie kama ni chekundu au cha kijani. Shuka hili linasimama kwa giza na mwanga, ndiyo maana vitambaa vya nyumba kumi tofauti vinaweza kukaa pamoja bila ugomvi.

Tatu, kata. Tengeneza kipimo cha kadibodi cha sentimita 17 kwa 17, ukilenga mraba wa sentimita 15 baada ya kuacha sentimita moja ya mshono kila upande. Fuata uzi ulionyooka wa kitambaa. Kipande kilichokatwa upogo huvutika, na kikivutika kimoja, jirani zake wote hulegea. Kipande kisichofikia kipimo usikitupe. Unga viwili kwanza, halafu weka kadibodi juu ukate. Vipande vyembamba kama kidole vinatosha kujazia mto, vikichanganywa na usufi.

Sasa tupange. Jirani yako na wewe mna vipande sita. Mstari wa juu, kutoka kushoto: giza, kati, mwanga. Mstari wa chini: mwanga, giza, kati. Naona kule nyuma mmoja ameanza na mwanga juu. Geuza, mama, anza na giza. Vizuri. Hiyo ndiyo leso sita. Sasa wa mstari wa mbele waunganishe mipango yao pembeni na ya majirani, na wa nyuma yao wasogeze yao chini. Mnaona nini? Giza la mstari wa kwanza limekaa nafasi ya kwanza, la mstari wa pili nafasi ya pili, la tatu limerudi ya kwanza, la nne ya pili. Kitambaa hakikuchorwa popote, lakini macho yanaona mawimbi yakishuka kutoka juu hadi chini, giza, kati na mwanga, sambamba. Akina mama wasukaji wa mikeka wameshaanza kucheka, kwa sababu wanaijua kazi hii. Mkeka huanza kwa kusukwa mashupatu, membamba na marefu, kisha mashupatu hayo hushonwa pamoja mpaka rangi zikutane. Anayejua kuhesabu miaa ya rangi kwenye shupatu hahitaji kufundishwa kupanga viraka, amezaliwa mwalimu.

Shuka la kitanda cha mtu mmoja linataka mafungu ya leso sita, matatu kwa upana na saba kwa urefu, yaani mafungu 21, ambayo ni vipande 126: 42 vya giza, 42 vya kati, 42 vya mwanga. Likikamilika lina sentimita 135 kwa 210. Andikeni namba hizo.

Unaposhona, anza na vitatu vya juu, kisha vitatu vya chini. Piga pasi mishono ya juu ielekee kulia na ya chini ielekee kushoto, ili inapokutana isipandane na kufanya uvimbe. Halafu ndipo uunge mapande mawili kwa mshono mmoja mrefu. Huo ndio mshono wa wale wanawake wa karne ya 19, na kila leso sita unaurudia. Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, na subana isitoke kidoleni.

Kwa bitana, chukua doti moja ya kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi ni laini, haichuji tena, na mwili unaipenda. Zikiunganishwa mbili kwa upande mrefu, unapata nguo ya sentimita 150 kwa karibu 218. Tandaza bitana chini, juu yake shuka jepesi lililochakaa ukitaka uzito, na viraka juu kabisa. Piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti kutoka katikati kwenda pembeni, ndipo ushone kwa mkono mistari iliyoachana kwa vidole vinne. Bitana itabaki imezidi pande zote. Usiikate yote: iache ilingane, ikunje ije mbele, ishone. Pindo la kanga ya zamani linakuwa pindo la shuka jipya. Kwa baridi yetu ya kusi, ile ya Juni na Julai, hilo linatosha bila pamba ndani.

Kuhusu vitambaa vyenyewe nitaongeza neno. Minada ya korosho inapoanza, kuanzia Oktoba, mafundi wa hapa hawalali. Kuna sare za harusi, kuna nguo za unyago, kuna mama aliyelipwa na anataka kitenge kipya. Mabaki ya msimu mmoja yana harusi zote za mtaa ndani yake. Mtoto akilala juu ya shuka la namna hiyo, mama anaweza kumwonyesha mraba wa sare ya harusi ya shangazi na mraba wa shati la babu. Kitambaa cha dukani hakiwezi kumpa hilo.

Hoja ya nne: wenzetu waliotoka kwenye mkondo mmoja wa historia nasi wamekwishaipa kazi hii hadhi.

Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wapo Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wengi wa mababu zao walivushwa bahari wakiwa watumwa. Wanawake wao, Waislamu, Wakristo na Wahindu, hushona matandiko ya viraka yaitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa za familia. Huanzia pembeni, wakizunguka na sindano kuelekea katikati, na kila pembe hutiwa vipande vilivyokunjwa pembetatu ambavyo wao huviita maua. Kawandi isiyo na maua kwenye pembe huhesabiwa kuwa iko uchi. Sidai kwamba ufundi huo ulitoka Kilwa. Majirani zao wa Karnataka pia wana matandiko ya viraka. Ninachokitazama ni ile heshima ya kukataa kumaliza kazi bila pambo.

Upande wa pili wa dunia, Gee's Bend, Alabama, wajukuu wa watumwa waliovuna pamba wameshona viraka kizazi hadi kizazi. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alishona tandiko kwa nguo za kazi za marehemu ili ajifunike nalo. Mwaka 2002 matandiko ya kijiji hicho yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Kila tandiko lilitundikwa na jina la aliyelishona.

Hoja ya tano ni fupi. Tuanze kwa kutumia wenyewe. Wageni wanaokuja kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara watanunua, na wanunue kwa bei inayolipa siku zote ambazo mshonaji alikaa na sindano. Lakini ufundi unaoanza kwa kuuzwa huharakishwa, na shuka la haraka hufumuka kwenye kufuliwa mara ya tatu. Kwanza tumtandikie mzazi aliyejifungua, na bi harusi anayehamia kwake. Soko litatufuata tukiwa tumeshakuwa mafundi.

Ndugu zangu, ninaondoka na maombi matatu. Mafundi, wekeni mifuko mitatu kibandani, wa giza, wa kati na wa mwanga, na kila kinachoanguka mezani kiingie kwenye mfuko wake badala ya kuchomwa jioni. Walimu wa ufundi, kila mwanafunzi anayejifunza cherehani ashone leso sita kama kazi yake ya kwanza. Darasa la wanafunzi 21 litamaliza shuka zima, na shuka hilo lipelekwe wodi ya wazazi. Na akina mama, mkimaliza, geuzeni shuka mshone kwenye kona ya bitana jina la aliyelishona, mji wake na mwaka. Wale waliounga leso za kwanza hatuna jina la hata mmoja wao. Vipande mlivyonavyo mkononi ni vyenu. Nendeni navyo nyumbani mvishone wiki hii.